Barua Kumi na Moja za Methusela

Ofisini kwetu Mpanda tuko watu tisa, na jina linaloitwa kuliko yote ni la Emelyne. Printa ikimeza karatasi, Emelyne. Simu ya meneja ikigoma kufunguka, Emelyne. Hata siku gari langu lilipowasha taa ya injini bila sababu, nilimwita yeye. Akatoka, akainama kwenye dashibodi, akasema, "Hii siijui, kaka Gideon. Mpelekee fundi." Tangu siku ile nilimpenda. Analolijua anakwambia analijua, asilolijua anakwambia halijui, na sauti haibadiliki.

Mimi ni dereva wa shirika letu. Ni shirika dogo, tunasaidia vijiji vya Katavi kupanga ardhi yao: huku mashamba, huku malisho, huku msitu usiguswe. Kisa hiki sehemu kubwa nimekiona kwa macho yangu. Sehemu nyingine Emelyne alinisimulia njiani. Ukiendesha watu miaka kumi na miwili unajua kwamba barabara ya vumbi huwafungua midomo.

Emelyne amezaliwa Katumba. Babu na bibi yake walitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakapewa msitu, wakaufyeka mpaka ukawa mashamba. Baba yake, mzee Egide, analima tumbaku hadi leo, na Emelyne mwenyewe alikua akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti kabla ya kwenda shule. Alipomaliza kidato cha nne alikuja mjini, akapata kazi kwenye duka la steshenari karibu na soko. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu. Miaka ile wengi wa Katumba walikuwa wanahangaikia karatasi za uraia, na kila mtu alikuwa na historia yake ndefu ya kueleza.

Siku moja mzee mmoja alikaa pale tangu asubuhi akimsimulia, yeye anachapa, mpaka zikafika kurasa nne. Umeme ukakatika. Uliporudi, barua haipo. Mwenye duka akasema mzee aanze upya. Emelyne akagoma. Alimwambia mwenye duka kwamba mzee ametaja majina ya ndugu zake waliobaki kule, amelia mara mbili, hawezi kuambiwa arudie. Akaichimba ile kompyuta mpaka jioni, folda kwa folda, na barua akaikuta mahali ambapo mashine huwa inajiwekea nakala yenyewe. Hakuna aliyemfundisha. Mwaka uliofuata alipanda treni kwenda Tabora, akasoma kompyuta miaka miwili, akarudi, akaajiriwa kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa Jumanne, tarehe thelathini mwezi wa tisa, wakati watu wanaandaa mashamba wakisubiri mvua. Walikuja ofisini wanaume wawili, kila mmoja na watu wake. Wa kwanza alikuwa Makoye, kiongozi wa wafugaji, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe zake zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Wa pili alikuwa Zefania, mwenyekiti wa kamati ya wakulima wa upande wa Katumba. Walisalimia kila mtu isipokuwa wao kwa wao.

Makoye akasema kwamba ng'ombe zimetoka kunywa maji, zimefika kwenye njia yao, zimekuta imepigwa matuta. Zefania akasema hakuna njia iliyolimwa, njia haikupita pale, ilipita kule chini mbugani, na Makoye anajua.

Ukweli ni kwamba njia ilikuwepo, ila wapi hasa ndiyo ilikuwa kesi. Miaka mitatu nyuma pande zote mbili zilikubaliana. Walitembea pamoja siku tatu na afisa wetu wa wakati huo, Methusela, wakachomeka vigingi. Lakini vigingi vya mti havidumu. Vingine viliungua watu walipochoma mashamba, vingine viling'olewa na asiyejulikana. Makubaliano ya karatasi yalikuwa kwenye faili letu, na masika ya mwaka uliotangulia bati lilivuja juu ya kabati, faili likawa uji. Kilichobaki ni barua pepe. Kila jioni ya ile kazi Methusela alituma pointi za GPS na picha za kila kigingi kwa mratibu wetu wa vijiji, dada Bernadetha.

Meneja akawaambia wakubwa wale wawili, "Nyie mnakubali kwamba tukileta zile pointi, mtafuata zinavyosema?"

Wote wakakubali. Kikao kikapangwa Ijumaa, hukohuko shambani, na serikali ya kijiji iwepo. Nilifurahi, maana vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kutembea kwa makundi.

Bernadetha ndiye hakufurahi. Walipotoka nje alibaki amekaa, mikono mapajani.

"Nimezifuta," alisema.

Sanduku lake la barua lilikuwa limejaa, wiki nzima hakuna barua iliyoingia. Akatafuta video mtandaoni inayofundisha kusafisha, akaifuata hatua kwa hatua. Akafuta kila kitu cha zaidi ya miaka miwili. Akamwaga kapu la taka. Kisha, kwa sababu video ilisema kuna mahali pengine pa ndani ambapo taka hujificha, akaingia na humo akafuta. "Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikaniambia zimefutwa kabisa."

Meneja akashika kichwa. Emelyne akavuta kiti, akakaa mbele ya Bernadetha.

"Ulifanya lini hiyo kazi, dada?"

"Tarehe tano. Ijumaa. Nakumbuka kwa sababu niliondoka mapema."

Emelyne akahesabu kimoyomoyo. "Basi zipo."

"Zipo wapi, Emelyne? Nimekwambia nimezifuta kabisa."

"Kabisa ya kwako ni kwamba wewe huwezi kuziona tena. Seva bado inazishika siku kadhaa kabla ya kuzitupa, na mwenye funguo za mfumo anaweza kuzitoa. Mfumo ulikuja umewekwa siku kumi na nne. Mimi nilipoanza kazi niliongeza zikawa thelathini, ndiyo mwisho wake. Leo ni siku ya ishirini na tano."

Aliyasema hayo kama mtu anayekwambia basi la Sumbawanga linaondoka saa ngapi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nilimwona Bernadetha akivuta pumzi.

Lakini kabla hajagusa kompyuta, Emelyne alitaka mambo mawili. La kwanza, barua ya meneja na ya Bernadetha inayomruhusu kupekua sanduku la mtu mwingine. "Hata kama ni kwa nia njema, sipekui barua za mtu kwa maneno ya mdomo." La pili lilitushtua sote. Alisema, "Zefania ni mjomba wangu. Amezaliwa tumbo moja na mama. Naomba mzee Makoye aambiwe leo, asije akasikia kwa wengine. Na dada Bernadetha akae pembeni yangu muda wote nitakapokuwa natafuta, aone kila ninachobonyeza."

Nilitumwa mimi kumkimbilia Makoye. Nilimkuta anapanda pikipiki. Akanisikiliza, akafikiri kidogo, akauliza, "Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mwambie afanye kazi yake."

Jioni ileile Emelyne aliweka zuio kwenye sanduku la Bernadetha, seva isitupe chochote hata siku thelathini zikitimia. Alituambia hilo ndilo la kwanza kuliko kutafuta, kama unavyofunga mlango kwanza kabla ya kumtafuta kuku ndani ya nyumba.

Jumatano wakaanza kutafuta. Barua zilizofutwa zilikuwa elfu sita na kitu. Alitafuta kwa jina la Methusela, zikaja mia tatu: ripoti za mwezi, maombi ya likizo, salamu za sikukuu. Pointi hazimo. Akatafuta "mapito", akatafuta "njia ya mifugo", akatafuta "ng'ombe", akatafuta jina la kitongoji. Neti ilikuwa ya kinyonga, kila utafutaji dakika kumi. Bernadetha alianza kusononeka. Emelyne alikuwa anaandika kwenye daftari kila neno alilojaribu na kuweka alama.

Saa sita mchana Zefania alikuja, peke yake safari hii, na kiroba cha viazi vitamu. Nilikuwa naosha gari nyuma ya ofisi, wao wakasimama kwenye kivuli cha tangi la maji, hatua chache tu kutoka nilipo.

"Mwishwa wangu," akamwita. Ndivyo Warundi wanavyomwita mtoto wa dada.

"Marume," Emelyne akaitika, yaani mjomba, akampa mikono yote miwili.

Waliulizana habari za nyumbani. Kisha Zefania akasema, "Nasikia hizo barua zimepotea."

"Zilifutwa. Nazitafuta."

"Zikikosekana hakuna atakayekulaumu. Mashine ni mashine."

"Marume, zikikosekana mimi nitajua kwa nini zimekosekana."

"Sikiliza. Sisi tumeletwa hapa tumebebwa mgongoni. Miaka mingi tumelima huku tukiambiwa leo mnahama, kesho mnahama. Leo nina karatasi, nina shamba, halafu nitolewe na ng'ombe?"

"Hakuna anayekutoa. Mlikubaliana njia, mkaipima. Kama ilipita mbugani unavyosema, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama na kusema."

"Na kama haikupita huko? Utanipinga mbele ya watu? Mimi niliyekupeleka stesheni siku unakwenda Tabora?"

"Sitakupinga. Nitafungua barua, watu waone."

Zefania akasogeza kiroba kwa mguu. Emelyne akakiinua, akamrudishia taratibu. "Wiki hii sipokei, Marume. Usichukie."

Alichukia. Niliona mgongo wake ulivyokuwa anaondoka. Emelyne alikuja akasimama karibu na gari, akaomba maji kwenye bomba langu akanawa uso. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Moyo unauma," akasema, "lakini kazi naijua." Akarudi ndani.

Alhamisi asubuhi aliamua kumpigia Methusela mwenyewe. Methusela aliacha kazi kwetu, akahamia Ikola, ananunua dagaa ziwani na kuzisafirisha. Akaunti yake ya ofisi ilikwishafungwa zamani. Emelyne akaweka simu kwenye spika ili Bernadetha asikie, na nyuma tukasikia kelele za watu wa mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki.

"Pointi nakumbuka nilituma," Methusela alisema, "lakini namba zenyewe, mama, sina kichwani hata moja."

"Sitaki namba. Nataka kujua ulituma kwa simu ipi."

"Ee. Yangu ilikuwa imepasuka kioo. Nilitumia ya mke wangu, Pudensiana."

"Kwa anwani yake yeye?"

"Kwa hiyohiyo iliyokuwa kwenye simu. Aliandikishwa dukani siku aliyoinunua, hata yeye haijui. Simu yenyewe tuliuza."

"Na uliandika maneno gani? Usinipe maana, nipe maneno."

"Nitaandika nini zaidi? Niliandika 'njia ya ng'ombe', kigingi cha kwanza, cha pili, hivyo hivyo."

"Kwenye simu ya mkeo, ile alama ya juu katikati ya ng'ombe uliipata wapi?"

Methusela akacheka. "Sikuipata. Niliandika n-g-o-m-b-e, nani ana muda?"

Emelyne akamshukuru, akakata simu. Akaandika "ngombe" bila ile alama, akabonyeza, akaegemea kiti. Neti ikazunguka dakika zake kumi. Bernadetha aliniambia baadaye kwamba alikuwa anasali rozari chini ya meza.

Zikaja barua kumi na moja. Anwani ya mtumaji ilikuwa herufi na namba zisizo na maana, kichwa cha habari hakuna, lakini ndani yake kila moja ilikuwa na kigingi chake, pointi zake na picha. Kumi na moja kwa vigingi kumi na moja.

Bernadetha alilia. Emelyne akamshika bega, akamwambia bado kazi haijaisha, akazirudisha barua zote kwenye sanduku lake, akatoa nakala, akachapa picha. Nakala moja akampa meneja hapohapo, nyingine akaiweka kwenye bahasha akaifunga na kumwomba meneja asaini juu ya gundi. Picha hakuzitazama sana. Alisema hakutaka kwenda Ijumaa akiwa tayari anajua sura ya mjomba wake itakuwaje.

Ijumaa niliwapeleka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wakulima upande huu, wafugaji na fimbo zao upande ule, mwenyekiti wa kijiji katikati. Makoye alimsalimia Emelyne kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitika vizuri, watu wake wakatabasamu.

Bahasha ikafunguliwa mbele ya wote. Emelyne akatoa simu yenye ramani, akasema, "Mimi sitaongea njia iko wapi. Nitatembea mpaka simu iseme tumefika kwenye pointi, kisha nitawaonyesha picha iliyopigwa hapo. Nyie wenyewe mtasema kama ndipo."

Tukatembea. Kigingi cha kwanza mpaka cha nne havikuwa na ubishi, viko kando ya barabara ya zamani. Cha tano kilitupeleka moja kwa moja katikati ya matuta mapya ya Zefania. Akasimama. Watu wakasimama. Kwenye picha kulikuwa na kisiki cha mninga kilichokatwa mshazari, na pembeni yake wanaume wawili wameshika kigingi kimoja: Makoye, na Zefania akiwa amevaa kofia ya kijani. Kisiki kilekile kilikuwa hatua mbili kutoka miguuni kwetu, matuta yamekizunguka.

Zefania akaichukua picha. Aliitazama mpaka nikaanza kuona aibu kwa niaba yake.

"Kofia hii ni yangu," akasema.

Makoye alitaka kusema neno, Emelyne akamzuia kwa adabu. "Mzee, bado vigingi sita."

Tukaendelea. Cha sita, cha saba. Cha nane njia ilikata kona kuelekea mashariki, kwenye chemchemi, na pale simu iliposema tumefika tulikuwa tumesimama kwenye ukuta wa miiba wa boma la Ngusa, mdogo wake Makoye. Boma lilikuwa limejengwa nje ya njia, hatua kama thelathini ndani ya ardhi ya wakulima. Picha ilionyesha mahali pale pakiwa patupu, na Makoye huyohuyo anaonyesha kwa kidole upande njia inakopinda.

Makoye akavua kofia yake, akajikuna kichwa. "Hapa na mimi nimekamatwa," alisema. Mtu mmoja upande wa wakulima akacheka, kisha akacheka wa pili upande wa wafugaji, na nikaona mabega ya watu yanashuka.

Vigingi vitatu vilivyobaki havikuwa na ubishi, na makubaliano hayakuchukua saa. Zefania angeacha matuta yaliyo ndani ya njia, kama robo ekari hivi. Ngusa angehamisha boma kabla ya mvua. Na safari hii badala ya vigingi watu wa Makoye walisema watapanda minyaa pande zote mbili, mti ambao moto hauumalizi na ng'ombe haziuli, na wakulima wakakubali kuja kusaidia kuchimba mashimo.

Zefania hakumuaga Emelyne siku ile. Hakumsemesha Oktoba yote wala Novemba. Mama yake Emelyne alikuwa anapiga simu kila Jumapili akimwomba aende akaombe radhi. Emelyne alikuwa anajibu, "Nitakwenda kumsalimia, mama. Kuomba radhi sina la kuombea." Na kweli alikwenda, mara mbili, akakaa kwenye kigoda uani kwa mjomba wake, akapewa maji, akanywa, akaondoka. Nilimpeleka mimi mara ya pili. Nilimuuliza kama hajuti hata kidogo.

"Nimekosa usingizi kwa ajili ya mjomba," alisema. "Kwa ajili ya zile barua sijakosa hata siku moja."

Ofisini alibadilisha utaratibu. Barua yoyote ya makubaliano ya kijiji ikifika inakwenda pia kwenye hifadhi ya pamoja ambayo mtu mmoja hawezi kuifuta, na sanduku likijaa unamwita yeye, humwiti mtu wa kwenye video. Kazi ya kuwafundisha wenzake utaratibu huo alimpa Bernadetha. Meneja alishangaa. Emelyne akamwambia hakuna atakayelieleza somo lile vizuri kuliko yeye, na ni kweli, Bernadetha anafundisha kwa ukali ambao sisi sote tunaufuata.

Mwezi wa pili mwaka huu mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Tulipita barabara ile na Emelyne tukitoka kijiji kingine, tukakuta ng'ombe zinavuka, mia na zaidi, zimejipanga kwenye njia yao katikati ya minyaa michanga. Hakuna hata moja iliyoingia kwenye mahindi. Zefania alikuwa amesimama mwisho wa shamba lake, anazitazama. Nikasimamisha gari kuzipisha.

Alituona. Akaja taratibu mpaka dirishani kwa Emelyne.

"Mwishwa wangu, kamati yetu ina mihtasari ya miaka saba," alisema. "Yote iko kwenye simu ya katibu, na simu yenyewe inazimazima. Utakuja lini uitazame?"

"Jumamosi, Marume. Mwambieni asifute kitu chochote kabla sijafika."

"Nitamwambia." Akapiga bati la gari mara mbili kwa kiganja, kama wanavyofanya watu wa huku wakikuruhusu uondoke. Ng'ombe wa mwisho akavuka, nikaweka gia.